Insha ya Uchaguzi wa Mississippi

Nilimpokonya mwalimu chaki mkononi. Sikuiomba, nilimpokonya. Alikuwa amesimama mbele ya darasa, insha yangu kaishika kwa vidole viwili kama mtu anayemtoa panya aliyekufa jikoni, na alikwisha kusema mara mbili kwamba kazi ile si yangu. Mara ya kwanza nilidhani ananitania, nikacheka. Mara ya pili nikamwambia, "Ni yangu, bwana." Basi akaligeukia darasa zima, kina mama na wazee wawili waliostaafu, akasema, "Mabibi na mabwana, hiki ndicho tunachokiita udanganyifu." Hapo ndipo nilipoinuka.

Nikaanza kuandika ubaoni. Nilianzia pale kitabu cha maktaba kinapoanza kueleza uchaguzi wa bunge la jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, katika miaka ya hamsini. Chama chenye nguvu kilikuwa kimoja tu. Mapambano yenyewe yalikuwa kwenye mchujo wa ndani ya chama, wakati wa kiangazi, hata siku ya uchaguzi ilipofika wagombea wengi hawakuwa na mpinzani. Na mtu mweusi akitaka kuandikishwa alipewa kifungu cha katiba aeleze maana yake kwa maandishi mpaka karani wa wilaya aridhike. Yote hayo niliyaandika kwa Kiingereza cha kitabu, neno kwa neno, mkato kwa mkato. Nikajaza ubao wa kushoto, nikahamia wa kulia. Chaki ikakatika, nikaokota kipande nikaendelea. Nilikuwa nimevaa koti kwa sababu chumba kile kilikuwa cha baridi, na mkono mzima wa koti ukawa mweupe.

Nilipomaliza nikamgeukia. "Haya. Nimenakili wapi? Kitabu kiko wapi? Nimekishika mimi? Kipo chini ya meza?"

Nilidhani nimeshinda. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko yote, kwamba nilisimama pale kifua mbele, nikingoja aombe radhi.

Mwalimu alichukua kitabu kile kile kilichokuwa mezani kwake, akakifungua, akafuatisha kwa kidole maneno niliyoyaandika, mstari baada ya mstari. Hakuharakisha. Kisha akakifunga. "Asante sana," akasema. "Umetuthibitishia mwenyewe."

Wallahi sikumwelewa.

Mimi nilihitimu Kurani nikiwa na miaka kumi. Kila alasiri, shule ya serikali ikitoka, tulikwenda chuoni, msahafu juu ya marfaa, tunatikisika mbele na nyuma, na mwalimu wetu na henzirani yake. Ukikosea herufi moja unaipata. Ukiruka neno, unarudi mwanzo wa sura. Hakuna aliyetuuliza maana. Maana, tukiambiwa, itakuja yenyewe mtu akikua. Kwanza maneno yaingie kifuani yakae. Na shule ya serikali nako mambo yalikuwa yale yale. Mito ya Uingereza tuliihifadhi, wafalme wao tuliwahifadhi, na mwalimu wa Kiingereza akimpa vema kubwa yule aliyeweza kusema ukurasa bila kupapasa. Mimi ndiye niliyekuwa nikipewa hizo vema. Nikasoma mpaka nikamaliza sekondari, na cheti nikakipata.

Cheti chenyewe kilibaki kabatini kwetu Unguja. Mapinduzi yalipokuja tuliondoka na tulichovaa, na nyumba ile siku hizi wanakaa watu nisiowajua. Nimeandika barua mara ngapi kuomba nakala. Haijajibiwa hata moja. Kwa hiyo hapa London mimi nilikuwa mtu asiyesoma. Niliajiriwa kwenye ghala moja Edmonton kufunga vikombe kwenye makaratasi, na msimamizi, msichana aliyeachia shule njiani, akiniandikia namba kwa herufi kubwa kubwa kama anamwandikia mtoto.

Chuo kimoja cha ualimu kilikubali kunichukua kwa sharti moja, nilete cheti cha kozi yoyote niliyoisoma hapa Uingereza, kabla ya mwisho wa mwezi wa sita. Basi. Ndiyo maana nikajiandikisha kwenye taasisi ya watu wazima, darasa la asubuhi la Serikali na Siasa. Sikulichagua kwa kulipenda. Nililichagua kwa sababu ndilo pekee lililokuwa na chumba cha kulelea watoto chini yake, na binti yangu alikuwa na mwaka na nusu. Hakukuwa na mtihani. Kulikuwa na insha moja ndefu, ukifaulu unapewa cheti. Kila mwanafunzi alipewa jimbo lake la Marekani na uchaguzi wake. Mie nikaangukiwa na Mississippi.

Maktaba ilikuwa na kitabu kimoja tu, na watu watatu wanakingoja. Bibi wa maktaba akanipa siku saba, akakipiga muhuri. Nikafanya kile ninachokijua. Nikikanda unga, kitabu kimeegemea kopo la chai. Nikimsukuma mtoto kwenye kigari chake kwenda bustanini, midomo inatikisika. Wazungu wakinipisha njia, wakidhani nina wazimu. Siku ya saba nilikirudisha kitabu chote kikiwa kichwani, nikajiona tajiri. Nilipokaa kuandika, sikuhitaji kitu mezani ila kalamu.

Sasa niseme na la pili, kwa sababu nimeamua kusema yote. Kurasa tatu zilikuwa za kitabu. Lakini aya ya mwisho haikuwa ya kitabu. Hiyo niliitunga mwenyewe, na ilinichukua muda mrefu kuliko kurasa zile tatu, maana Kiingereza cha kuhifadhi ninacho kingi, cha kutunga kidogo. Niliandika hivi:

"Kitabu kinasema watu weusi wengi hawakujitokeza kupiga kura. Kutojitokeza maana yake nini? Mtu aliyefungiwa mlango huwezi kusema hakuingia kwa kuwa hakutaka. Mimi nilimwona mama yangu kwenye foleni ya wanawake tangu alfajiri, mara ya kwanza wanawake wa kwetu waliporuhusiwa kupiga kura. Alikuwa na mimba na miguu imemvimba, na hakuna aliyemlazimisha. Watu wakiachiwa mlango wazi huja. Kwetu sasa umefungwa tena, na miaka ikipita na sisi tutaandikiwa kitabu kwamba hatukujitokeza."

Aya hiyo mwalimu aliikata kwa kalamu nyekundu, mstari mmoja kutoka pembe mpaka pembe. Pembeni kaandika, "Chanzo?" Chini yake, "Hisia, si hoja."

Nilikaa na karatasi ile kwenye ngazi za taasisi, mtoto kanilalia begani, nikaisoma tena na tena. Ya kitabu nimeiba. Yangu haina chanzo. Sasa niandike ya nani?

Kulikuwa na mama mmoja wa Kigujarati darasani, mzaliwa wa Nairobi, mumewe ana duka la vitambaa Queensbury. Alikuwa akija kwa mabasi mawili kwa sababu, anasema, nyumbani mama mkwe yuko na redio iko na vyote viwili havinyamazi. Kiswahili chake ni cha dukani na hakimtii haya, na ndicho tulichokuwa tukisemea tusisikike. Siku ile alikuja akakaa ngazini pembeni yangu, akanipa chevda kidogo, vile vitafunio vyao vya chumvi, kwenye karatasi.

"Mama, wewe mjinga sana," akaniambia.

"Asante."

"Hapana kasirika. Mimi sema kweli. Insha yangu mimi, Georgia, wewe fikiri mimi toa wapi? Kitabu! Yote kitabu. Lakini kitabu nasema 'kubwa,' mimi andika 'kubwa sana.' Kitabu nasema 'mwaka ule watu nachagua,' mimi andika 'watu nachagua mwaka ule.' Geuza, geuza. Binti yangu nafundisha mimi. Mwalimu napa mimi vema."

"Kwa hiyo umeiba na wewe."

"Ee, lakini mtu kama naiba baiskeli, napaka rangi! Wewe naiba baiskeli, napanda hiyo hiyo mbele ya polisi, napiga kengele!"

Nikacheka. Nilicheka mpaka mtoto akaamka. Halafu nikaanza kulia, na yule mama akawa ananipigapiga mgongo kwa mkono wenye chumvi ya chevda, akisema, "Basi, basi, dada. Basi." Alikuwa amefaulu kwa kugeuza maneno, na mimi nimeanguka kwa kuyaheshimu.

Sijui kama nitaweza kumweleza mtu wa hapa. Kwetu ukibadilisha neno la mwenye elimu ndiyo umemkosea adabu. Wewe nani uguse maneno yake? Unayabeba kama ulivyopewa, unayafikisha kama ulivyopewa. Na kusema yametoka kwa nani hakuna haja, kwani nani asiyejua? Kitabu kilikuwa kimoja na darasa zima linakijua. Ilikuwa kama mtu asome Fatiha kisha aulizwe kama kaitunga yeye.

Nyumbani nilimwambia mume wangu. Tulikuwa na chumba kimoja cha juu kwenye nyumba ya safu kule Edmonton, ukuta wa dirishani umeota ukungu mweusi ambao nikiufuta Jumatatu unarudi Alhamisi. Mume wangu kwao alikuwa karani wa serikali, mtu wa kalamu mfukoni. Hapa anafagia mabehewa Stratford. Alinisikiliza huku anavua viatu.

"Mama watoto, liache," akasema.

"Niache nini?"

"Liache lipite. Tutajaribu mwakani."

"Mwakani chuo kitanitaka tena? Nani kakwambia?"

"Mimi nasema sisi wageni. Mgeni hamshitaki mwenye nyumba."

"Mgeni!" nikamwambia. "Mtoto kazaliwa hapa, mwingine yuko tumboni atazaliwa hapa, Kiswahili namwita anaitika kwa Kiingereza. Mgeni mpaka lini, baba? Mpaka atuzike?"

Akanyamaza. Kunyamaza kwake ndiko kulikonikasirisha. Alinyamaza kule kwetu wakati nyumba inachukuliwa, akanyamaza uwanja wa ndege, ananyamaza mbele ya yule kijana anayemwita kwa majina ya wanyama kule kwenye mabehewa. Nilitaka walau siku moja apige meza. Akasema tu, kwa sauti ya chini, "Chakula kipo?" Nikampakulia. Nilimpakulia kwa kishindo.

Siku nne baadaye niliitwa ofisini kwa mkuu wa idara. Alikuwa mama mtu mzima, mpole, sweta la zambarau, na chai alinimiminia mwenyewe. Mwalimu naye alikuwepo, kakaa dirishani. Yule mama akasema hawataki kunionea. Wanataka kunipa nafasi. Mwalimu atanichagulia kifungu kutoka kitabu kile, mimi nikieleze kwa maneno yangu mwenyewe, na akiridhika kwamba nimekielewa, jambo litakwisha.

"Nani akiridhika?" nikauliza.

"Mwalimu wako."

Nikakiweka kikombe mezani. Jamani, mimi kurasa zile nilikuwa ninazo kifuani! Nikamsomea palepale, kwa Kiingereza chao, kile kifungu cha mtu mweusi anayepewa katiba aieleze mpaka karani wa wilaya aridhike. Nikamwambia, "Hii ndiyo ile ile."

Yule mama akawa mwekundu. Mwalimu akatabasamu. "Bibie, hapa si Mississippi."

"Najua. Hapa mmenipa chai."

Labda nisingesema hivyo. Lakini nilikwisha sema. Mwalimu akafungua kitabu, akaniuliza swali: kwa nini wagombea wengi wa bunge lile hawakuwa na wapinzani siku ya uchaguzi?

Na hapa nitakuwa mkweli, ingawa ukweli wenyewe haunipendezi. Nilipoulizwa, kilichonijia kwanza ni ukurasa. Ulikuja wote, na mkato wake na nukta yake, ukasimama mbele ya macho yangu kama mlango, na nilipojaribu kuupita ili nifike kwenye maneno yangu, haukunipisha. Nilijua maana. Niliijua! Lakini Kiingereza pekee nilichokuwa nacho cha kuisemea ni kile cha kitabu, na hicho nimekatazwa. Nikafungua mdomo, nikafunga.

Mwisho nikasema, "Wangepingwa na nani? Waliotaka kuwapinga walikuwa nje."

"Hilo si jibu," mwalimu akasema, tena si kwa ubaya, kwa uchovu tu. "Ungeeleza kwanza mfumo wa chama kimoja, kisha mchujo, kisha masharti ya kuandikishwa."

"Hayo si ndiyo niliyoyaandika ubaoni?"

"Hayo ni maneno ya kitabu."

Mkuu wa idara alishusha macho akaanza kukoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Nikajua yamekwisha.

Barua ilikuja Jumanne. Insha imepewa sifuri. Cheti hakitatolewa. Na kwenye faili langu la taasisi limeandikwa neno udanganyifu, na chuo chochote kikiuliza habari zangu kitatumiwa nakala. Niliisoma nimesimama mlangoni, na mtoto ananivuta sketi. Chuo cha ualimu nilikipigia simu kutoka kibanda cha barabarani. Msichana aliyepokea akaniambia samahani sana, orodha imefungwa, nafasi ile wamempa mtu mwingine. Alikuwa na sauti nzuri. Nikamshukuru! Hata sasa najiuliza nilimshukuru kwa nini.

Nikarudi ghalani kufunga vikombe. Yule msimamizi hakuniuliza nilikuwa wapi. Kaniandikia namba zangu, kubwa kubwa. Nilifunga vikombe vile wiki mbili bila kusema na mtu, na nyumbani pia nikawa sisemi, na nikaona hatari yake: nilikuwa nimeanza kunyamaza kama mume wangu. Siku moja nilimsikia binti yangu akijisemea peke yake na mwanasesere wake, anamkanya kwa Kiingereza cha kule chumba cha watoto, "Si yako, si yako," na nikasikia moto umenipanda kutoka miguuni.

Sikuwa na matumaini, nasema wazi. Sikufikiri watanisikia, na sikufikiri yule karani wa kule Mississippi naye aliwahi kuandikiwa barua akabadilika. Lakini nilichukua likizo ya nusu siku, nikamwacha mtoto kwa jirani, nikaenda taasisi. Kwenye dirisha la ofisi niliomba fomu ya malalamiko. Karani akasema hakuna anayeijaza hiyo, akaitafuta sana, akaipata chini ya sanduku la kalamu. Nafasi iliyoachwa ya kuandikia ilikuwa ndogo, nikaomba karatasi ya ziada. Nimeiandika kwa Kiingereza changu, chenye makosa yake, na nikamtaka aigonge muhuri mbele yangu na kunipa nakala. Kwa Kiswahili inasema hivi:

Kwa Mkuu wa Taasisi.

YAH: MALALAMIKO JUU YA INSHA YANGU NA NENO LILILOANDIKWA KWENYE FAILI LANGU

Mimi ni mwanafunzi wa darasa la asubuhi la Serikali na Siasa. Nalalamika rasmi juu ya uamuzi wa mwalimu wangu na mkuu wa idara.

Ni kweli kwamba kurasa tatu za insha yangu ni maneno ya kitabu cha maktaba. Sikunakili kwa kuangalia. Niliyahifadhi, na niliyaandika mbele ya darasa zima bila kitabu. Nilikosea kutotaja kitabu, na kosa hilo nalikubali. Sikukusudia kumdanganya mtu. Nilikosoma mimi, hivyo ndivyo tulivyofundishwa kusoma, na hivyo ndivyo tulivyopewa alama, tena na walimu Waingereza. Hakuna aliyetuambia darasani kwamba hapa ni kosa, mpaka siku nilipoitwa mdanganyifu mbele ya watu.

Aya ya mwisho ya insha hiyo ni yangu. Imekatwa kwa sababu haina chanzo. Chanzo ni mimi, nilikuwapo. Kama hilo halikubaliki katika taasisi hii, naomba niandikiwe sheria inayosema hivyo.

Kuhusu kikao cha ofisini: mtu aliyenishitaki hakustahili kuwa ndiye anayepima kama nimemridhisha. Nilisema hivyo siku ile na naandika tena.

Nafasi yangu ya ualimu imekwishapewa mtu mwingine, kwa hiyo siombi alama ili niipate. Naomba insha isomwe na mwalimu asiyenijua. Naomba neno udanganyifu lifutwe kwenye faili, kwa sababu litanifuata kila nitakapoomba masomo au kazi, na nina watoto.

Naomba nijibiwe kwa maandishi, si kwa kuitwa ofisini.